Andika Maneno ya Jibu

Mkulima anayeandika kwenye Google “mahindi yangu yanaliwa na wadudu nifanye nini” hupata kurasa nyingi zinazozungumzia wadudu kwa jumla. Akiandika “viwavijeshi vamizi mahindi”, anakaribia zaidi maelezo ya mdudu aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016: kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi karibu na mkia.

Sababu ni namna mtambo wa kutafuta unavyofanya kazi. Google haianzi kuzunguka mtandaoni pale mtu anapouliza. Kurasa zilishasomwa mapema na kuwekwa kwenye faharasa. Swali hulinganishwa na kilichomo humo, kisha kurasa hupangwa. Ndiyo maana inafaa kujiuliza kwanza: aliyeandika jibu hili alitumia maneno gani?

Asiyejua jina la mdudu atafute mara mbili. Mara ya kwanza aeleze anachokiona: mashimo kwenye majani, uchafu kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mhindi. Akikutana na jina la kitaalamu la viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alitumie kutafuta upya.

Alama ndogo nazo husaidia. Maneno yakiwekwa ndani ya alama za nukuu, hutafutwa yalivyo na kwa mpangilio huohuo. Ukiongeza site:go.tz, unabaki na tovuti za serikali ya Tanzania; filetype:pdf huleta nyaraka za PDF. Mwanafunzi anayetaka habari za simba wa mbugani, lakini akazongwa na za klabu ya soka ya Simba, aandike: simba -yanga -ligi. Alama ya kutoa hushikana na neno linalofuata, bila nafasi.

Siku hizi hata vihusishi vina uzito. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia BERT, teknolojia inayosoma neno kwa kuangalia yaliyo jirani nalo. Mfano uliotolewa na Google ulikuwa swali la Kiingereza kuhusu viza ya Mbrazili anayekwenda Marekani. Awali uzito wa neno “to” (kwenda) haukutambuliwa, na matokeo yalihusu Wamarekani wanaokwenda Brazili.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye afya. Anayeandika “limau linatibu kisukari” ameshaweka jibu ndani ya swali, na kurasa zinazodai hivyo ndizo zinazolingana na maneno yake. “Matibabu ya kisukari aina ya 2” humfungulia mlango wa maelezo ya dawa, chakula na mazoezi.