Kompyuta Iliyokungoja Uiamrishe

Waulize Wamarekani na Wazungu wenye miaka hamsini na ushei walianza na kompyuta gani, wengi watakutajia Commodore 64. Ilitoka mwaka 1982 kwa bei ya dola 595, umbo lake kibodi nene unayoichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Ukiiwasha, baada ya sekunde chache tu kioo kinakuwa bluu na ukingo wake bluu mpauko. Juu unaarifiwa kwamba baiti 38,911 ziko wazi kwa matumizi ya lugha ya BASIC. Chini yake pana neno READY, kisha kimraba kinachowaka na kuzima.

Hakuna menyu wala picha za kubofya. Ukitaka mchezo unaandika LOAD, unabonyeza kitufe cha kinasa kaseti, unasubiri dakika kadhaa. Lakini andika POKE 53280,0 kisha RETURN: ukingo wa skrini unageuka mweusi papo hapo. Mtoto aliyefanya hivyo alikuwa ameifikia chipu ya picha yenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hamu ya skrini zile ni kuukumbuka utoto tu. Mahali pa kucheza na mahali pa kutengeneza mchezo palikuwa pamoja, na hukuweza kufika kwa kimoja bila kupita mbele ya kingine. Simu ya leo imejaa programu nzuri, nami nazitumia kutwa, ila zinapoundwa mtumiaji hapaoni. BASIC ile ilikuwa na mapungufu, tena makubwa: haikuwa na amri za kuchora wala za muziki, ingawa chipu zake za picha na sauti zilisifika. Ilikubidi ukodolee macho kitabu cha maelekezo, uandike namba moja moja, na ukikosea herufi unajibiwa ?SYNTAX ERROR. Waliovumilia wakajua kila namba inafanya nini.

Mwaka 2018 kampuni ya Retro Games ilitoa TheC64 Mini, nakala ndogo iliyosheheni michezo. Vitufe vyake vilikuwa pambo tu. Anayetaka kuandika programu achomeke kibodi nyingine. Wapenzi wengi walinung'unika, na kwa haki kabisa. Mwishoni mwa 2019 likaja toleo la ukubwa kamili, na vitufe vyake vyote vinaandika.