Lugha za Mtwara na Mto Ruvuma

Mtu atokaye Mikindani akapanda Newala, kisha akashuka Masasi, atasikia lugha nne kabla safari haijamchosha. Pwani kuna Kiswahili cha watu wa Mgao; juu Newala kuna Kimakonde; Masasi kuna Kimakua na Kiyao. Na akigeukia kaskazini, upande wa Nachingwea na Lindi, atakutana na Kimwera. Wako wasemao kwamba hizo ni vurugu tu, tena huziita "vilugha". Sisi twaona ya kuwa husema hivyo kwa sababu hawajazichungua.

Chukueni neno moja, mtu. Mmakonde husema munu, na wakiwa wengi ni vanu. Myao na Mmwera husema mundu. Mmakua husema mutthu, na watu kwake ni atthu. Haya, mbuzi je? Kwa Mmakonde ni imbudi, kwa Myao ni mbusi, kwa Mmakua ni epuri. Asikiaye mara ya kwanza atadhani kwamba neno hilo la Kimakua ni geni kabisa. Lakini tazameni na nyumba, ambayo Mmakua huiita enupa. Palipo na mb katika maneno ya jirani zake, yeye ana p, na mwanzo wa neno hutia e. Ajuaye hayo huanza kuwatambua ndugu waliovaa nguo nyingine. Hata hivyo si kila neno litatii: Mmakonde nyumba yake ni ing'ande, wala hakuna hila ya kuigeuza.

Watu hawa hawakutoka mahali pamoja. Asili ya Wayao ni mashariki ya Ziwa Nyasa, na Wamakua wengi walivuka Ruvuma kutoka kusini katika karne ya 19. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mpaka Masasi, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake kidogo cha Kimakonde. Chauncy Maples akafuata mwaka 1879 kwa kitabu cha Kimakua. Basi asemaye kwamba lugha hizi haziandikiki amechelewa sana.

Mto Ruvuma ulifanywa mpaka wa Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Kionga, kusini ya mlango wa mto, Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, na Wareno wakaitwaa tena mwaka 1916. Bendera zilibadilika, usemi wa nyumbani haukubadilika. Mpaka leo Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, na ingawa matamshi yao hutofautiana, husalimiana wakaelewana. Bali wakitaka kuandikia serikali, huyu hushika Kiswahili na yule Kireno. Na huko pwani ya Msumbiji wako Wamwani, ambao lugha yao yafanana na Kiswahili hata wataalamu wengine waliihesabu kuwa lahaja yake. Mtu wa Mikindani huisikiliza akitabasamu, mara hupotea njiani.

Kiswahili kimetufaa sana, wala hatusemi kinyume. Tangu 1967 ndicho lugha ya masomo katika shule za msingi za serikali, na Mmakua na Mmakonde hawahitaji tena mkalimani kati yao. Lakini walimu wa mjini Mtwara wajua jinsi mambo yalivyo: bibi husema na mjukuu kwa Kimakonde, na mjukuu hujibu kwa Kiswahili. Hasara yake haionekani siku hiyo.

Fikirini shauri la mpaka wa shamba. Mzee asimama mbele ya baraza, ataja mti uliopandwa na baba yake, ataja na aina ya udongo unapoanzia bonde. Majina hayo anayo kwa Kimakonde tu. Karani, kijana hodari mwenye hati nzuri, hana maneno hayo, naye aandika "mti", kisha aandika "udongo". Mzee atia kidole chake, shauri lakwisha. Miaka ishirini baadaye wana wa jirani wawili wasimama shambani na karatasi ile mkononi, na mbele yao iko miti saba.