Hesabu za Kampuni Nazo Zahitaji Lindo

Askari wa zamu katika mpaka wa Kobero hatosheki na karatasi anayoonyeshwa na dereva wa lori litokalo Kabanga, Tanzania. Karatasi ikisema magunia mia, sharti magunia yahesabiwe. Ndivyo ipasavyo kufanywa pia kwa faida inayotangazwa na kampuni.

Yafaa ieleweke kwamba faida hiyo huandikwa kwanza na wakuu wa kampuni wenyewe. Bidhaa zilizochakaa zaweza kuachwa vitabuni kwa bei ya zamani, na mauzo ya mwezi ujao kuhesabiwa mwezi huu. Kuhesabu magunia hayo ni kazi ya bodi ya wakurugenzi, hasa kamati yake ya ukaguzi.

Hapo ndipo linapoingia suala la wanawake. Haidaiwi kwamba mwanamke huzaliwa mwaminifu kuliko mwanamume. Hoja ni kwamba wakurugenzi waliosoma pamoja na kuteuana wao kwa wao huona haya kuulizana, ilhali aliyetoka nje ya kundi hilo haoni haya. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba kila jinsia ipate asilimia 40 hivi ya viti katika bodi za kampuni kubwa za hisa. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwawekea wanawake asilimia 30 katika Serikali na Bunge; bodi za kampuni za watu binafsi hazikuwekewa kipimo hicho.

Hata hivyo, idadi peke yake si dawa. Nchini Kenya, bodi ya kampuni ya maduka ya Uchumi iliongozwa na mwanamke. Mwezi Juni 2015 bodi hiyo ilimwondoa mkurugenzi mkuu, na ikaja kudhihirika kwamba hesabu za nyuma hazikuwa sahihi. Swali liliulizwa, lakini kwa kuchelewa: wauzaji walikuwa wakidai fedha zao, na mwaka huo huo maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Wafanyakazi ndio waliolipa gharama.

Askari na polisi nao huweka akiba ya mishahara yao katika vyama na mifuko yenye bodi. Ni haki yao kuuliza: Nani wamo katika bodi? Nani huongoza ukaguzi? Faida iliyotangazwa imeonekana kwa fedha taslimu? Mlinzi asiyeuliza, awe mwanamume au mwanamke, hajalinda kitu.