Mafuta kwenye ini: kwa nini yanatupata hata sisi tunaokula mgao?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Mimi ni mkimbizi mwenzenu, na leo naanza na habari ya nyumbani kwetu.

Baba yangu mkubwa ana kisukari. Mwaka jana alipewa rufaa kwenda kupigwa picha ya tumbo nje ya kambi. Akarudi na jibu kwamba ini lake lina mafuta. Jioni hiyohiyo majirani walijaa uani. Mmoja akasema amelishwa sumu. Mwingine akaleta chupa ya mizizi, eti ya kusafisha ini. Baba mkubwa mwenyewe akakata shauri: mboga zote zipikwe bila tone la mafuta. Tukala sombe chukuchuku miezi mitatu. Lakini chai yake ilibaki na vijiko vinne vya sukari, asubuhi, mchana na jioni. Aliporudi kliniki, uzito ulikuwa palepale na sukari imepanda.

Alikosea wapi? Tuanze na ini lenyewe.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Linachuja sumu, linasaidia kusaga chakula, na linatunza akiba ya nguvu. Ukila ugali, mkate au sukari, mwili unatumia unachohitaji. Kinachozidi hupelekwa kwenye ini, na ini hukigeuza kuwa mafuta. Kwa hiyo mafuta ya kwenye ini si lazima yatoke kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Sehemu yake hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Hapo ndipo baba mkubwa alipokosea.

Ini likiwa na mafuta zaidi ya asilimia 5, tunasema lina ugonjwa wa mafuta. Mara nyingi hauumi. Mtu analima, anabeba maji, hajui kitu. Kwa baadhi ya watu ini huanza kuvimba kwa ndani, baadaye linapata makovu na kuwa gumu, na mwisho linaweza kushindwa kazi au kupata saratani. Safari hiyo huchukua miaka mingi, na katika hatua za mwanzo ini linaweza kurudi katika hali nzuri.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Msikilizaji mmoja alituuliza: "Sisi tunaokula mgao, tena uliopunguzwa, mafuta ya kujaa kwenye ini tunayatoa wapi?"

Swali zuri. Kwanza, angalia sahani zetu. Bugali umejaa, mboga kidogo pembeni. Anayepata vihela anaongeza mandazi na soda. Soda moja ya mililita 300 huwa na karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidishe vijiko 6 hivi kwa siku nzima. Pili, wengi wetu tulikuwa wakulima, leo tunashinda tumekaa. Tatu, pombe. Gongo na lutuku huleta mafuta kwenye ini hata kwa mtu mwembamba.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: utapiamlo nao huleta mafuta kwenye ini. Mtoto mwenye kwashakoo, yule anayevimba miguu na nywele kubadilika rangi, ini lake mara nyingi hujaa mafuta. Huyo hahitaji kupunguziwa chakula. Anahitaji kupelekwa kliniki ya lishe leo, si kesho.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, akina mama na akina baba. Ushauri wa kupunguza uzito ni kwa watu wazima walionenepa, hasa tumboni, na wenye kisukari. Watoto na akina mama wajawazito au wanaonyonyesha wasipunguziwe chakula kwa sababu ya kipindi hiki.

(Sauti iliyorekodiwa)

BABA MKUBWA: Mwanangu, nilidhani nikiacha kula kabisa nitapona upesi. Muuguzi akanikataza. Akasema kujinyima ghafla kunazidisha mafuta kwenye ini, tena mimi natumia dawa za sukari, ningeweza kuanguka.

MTANGAZAJI: Muuguzi alisema kweli. Uzito upungue polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, isizidi hapo. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4, mafuta kwenye ini huanza kupungua. Akifikisha kilo 6 hadi 8, hata uvimbe wa ini unaweza kutulia.

Tufanye nini kwa hiki tulicho nacho?

Moja: punguza sukari kwenye chai kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Soda iwe ya sikukuu, si ya kila siku. Kiu ni ya maji. Kahawa bila sukari haina shida kwa walio wengi, hata inasaidia ini.

Mbili: geuza sahani. Nusu iwe mboga: lengalenga, matembele, sombe, hata zile za bustani ya gunia. Robo iwe maharage, mbaazi au dagaa. Robo inayobaki ndiyo bugali. Mafuta ya mgao yatumike kwa kijiko, usimimine.

Tatu: tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kulima na kuchota maji kunahesabika.

Nne: acha pombe. Na usinywe dawa ya kusafisha ini inayouzwa sokoni. Mizizi mingine huliumiza ini lenyewe. Mahindi na karanga zenye ukungu usile, sumu yake huharibu ini.

Tano: macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji, au ukitapika damu, nenda kliniki mara moja. Wenye kisukari wasiache wala kupunguza dawa bila kuongea na mhudumu wa afya.

BABA MKUBWA: Mimi sasa natumia kijiko kimoja cha sukari. Na sokoni naenda kwa miguu, pikipiki nimeiacha.

MTANGAZAJI: Kwa miezi saba ametoka kilo 84 hadi 79, na sukari yake imeshuka. Picha ya pili ya ini bado anaisubiri, rufaa haijatoka. Na mafuta kidogo yamerudi kwenye sombe, tunashukuru Mungu.

Ukiwa na swali, mwachie mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu, atatufikishia. Tukutane wiki ijayo saa kama hii. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia)