Mbwa Akianguka Miguu ya Nyuma

Hapa Ntalikwa mbwa ni mlinzi wetu. Usiku hulinda mbuzi, mchana hufukuza ngedere shambani. Basi jana alikuwa mzima, leo anaburuta miguu ya nyuma. Wengine husema karogwa. Sivyo.

Mgongo wa mbwa ni pingili nyingi. Ndani yake hupita uti laini unaopeleka amri ya ubongo miguuni. Mbwa akigongwa na pikipiki, au gegedu iliyo kati ya pingili ikichomoka, uti hubanwa. Miguu hulegea.

Lakini tahadhari! Kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kupooza. Mbwa hutoa udenda, sauti hubadilika, hawezi kumeza. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono mdomoni. Tusifanye hivyo! Tumfungie peke yake, watoto wakae mbali, tumwite bwana mifugo upesi.

Aliyeumwa, au kulambwa kidonda, aoshe kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Siku hiyo hiyo aende hospitali akachanjwe. Asingoje dalili. Zikishatokea, karibu kila mtu hufa.

Bwana mifugo akiona ni mgongo tu, tumbebe mbwa juu ya ubao. Apumzike wiki 4 hadi 6. Tumgeuze mara kwa mara asipate vidonda, tuangalie kama anakojoa. Tusimpe vidonge vya watu. Wengine hupona, wengine hawaponi.

Tuchanje mbwa kila mwaka. Aliyechanjwa akianguka, hofu yetu hupungua.