Mama, jua kipimo cha damu ya kitovu

MAMA mmoja mwenye mimba ya miezi minane alifika kliniki yangu akiwa na karatasi mkononi. Daktari mwingine alikuwa amemwandikia kipimo kiitwacho Doppler. Akaniuliza: je, hiki si sawa na picha ya ultrasaundi niliyokwisha kupigwa?

Huenda nawe umejiuliza swali hilo. Picha ya kawaida huonyesha umbo la mtoto, ukubwa wake na jinsi alivyolala. Doppler hutumia mashine hiyo hiyo, lakini hupima mwendo wa damu.

Jina hilo latokana na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyeeleza kanuni yake mwaka wa 1842. Umewahi kusimama kando ya barabara basi likapita kwa kasi likipiga honi? Linapokujia, sauti huwa nyembamba. Likishakupita, huwa nzito. Vivyo hivyo, mawimbi ya sauti yanayogonga damu inayotembea hurudi yakiwa yamebadilika. Mashine husoma badiliko hilo na kuchora mwendo wa damu.

Ndani ya kitovu mna mishipa mitatu. Mmoja humletea mtoto hewa safi na chakula kutoka kwa kondo la nyuma. Miwili hurudisha damu ya mtoto kwenye kondo, na hii ndiyo hupimwa zaidi. Kondo likiwa zima, damu huendelea kusonga mbele hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Kondo likidhoofika, damu hupata taabu kupenya. Kwanza mwendo huo hupungua, kisha husimama, na mwisho damu hurudi nyuma. Ikisimama ni hatari. Ikirudi nyuma, hatari ni kubwa zaidi, na mara nyingi mama hulazimika kuzalishwa kabla ya siku zake.

Je, kila mja mzito anahitaji kipimo hiki? La. Utafiti umeonyesha kwamba huokoa watoto katika mimba zenye hatari, kwa mfano mama anapokuwa na shinikizo la damu, au mtoto akiwa mdogo kuliko umri wa mimba. Kwa mimba isiyo na tatizo, faida yake haijathibitishwa. Kwa hivyo usikope pesa kabla ya kumwuliza daktari wako. Lakini usikose kliniki: kupimwa shinikizo la damu, mkojo na urefu wa tumbo kwa tepu ndiko hugundua nani anahitaji kipimo zaidi.

Pia, usikichanganye na kifaa kidogo cha mkononi cha kusikilizia moyo wa mtoto. Hicho nacho huitwa Doppler, lakini hakionyeshi hali ya damu kitovuni.

Nilimwuliza mama yule kama mtoto anacheza. Akajibu kwamba tangu jana alikuwa ametulia, naye alikuwa akingoja mwisho wa mwezi apate pesa za kipimo. Nilimtuma hospitalini saa ile ile. Alipasuliwa usiku huo, akapata mtoto mdogo lakini mzima.

Basi, mama, mtoto akipunguza kucheza, ukiumwa na kichwa sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba au ukitokwa na damu, usingoje Doppler wala siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.