Kulinda Weupe wa Modeli

Rangi nyeupe iliyopakwa kwenye modeli za ndege, meli na roketi hugeuka manjano taratibu, na kosa mara nyingi si la weupe wenyewe. Weupe hutokana na unga laini wa titani dioksidi, ambao haubadiliki rangi kwa umri. Kinachochakaa ni utomvu unaoshikanisha unga huo na kuunatisha kwenye plastiki. Modeli mbili za Concorde zaweza kung'aa sawasawa siku ya kwanza, kisha baada ya miaka kumi moja ikawa na rangi ya samli kwa sababu tu utomvu wake ni wa aina nyingine. Kwenye ndege hiyo aibu haina pa kujificha. Concorde halisi ilipakwa nyeupe karibu mwili mzima ili kurudisha joto, maana ilipokimbia kwa mwendo maradufu wa sauti, ncha ya pua yake ilifikia nyuzi 127 za Selsiasi.

Inayogeuka kwa urahisi zaidi ni rangi ya mafuta, ile inayouzwa katika vikopo vidogo kama vya Humbrol vya mililita 14. Utomvu wake huitwa alkidi, nao hutengenezwa kwa mafuta ya mimea kama kitani au soya. Thina ikishapaa, mafuta hayo hufyonza oksijeni hewani, na molekuli zake hufungamana hadi zikawa gamba gumu. Kazi hiyo haikomi rangi inapokauka mkononi. Huendelea kwa miaka, na baadhi ya mazao yake humeza mwanga wa buluu, hivyo jicho huona manjano. Mafuta ya kitani huathirika kuliko ya soya.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba rangi ya mafuta hugeuka haraka zaidi gizani. Modeli iliyofungwa vizuri sandukuni kwa nia ya kuilinda huweza kutoka ikiwa ya manjano kuliko mwenzake aliyekaa rafuni, kwa kuwa mwanga wa mchana huyavunja yale mazao yenye rangi. Kwa hiyo, kabla ya kuikatia tamaa, inafaa ikae kwa wiki kadhaa mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua. Sehemu ya weupe inaweza kurudi. Joto, unyevu na mvuke wa amonia, kama ule wa baadhi ya dawa za kusafishia vioo, huongeza kasi ya ugeukaji.

Hata hivyo jua kali si rafiki. Miale ya urujuanimno huigeuza manjano plastiki ya polistairini ambayo modeli nyingi hutengenezwa nayo, pamoja na gundi za epoksi na vanishi kadhaa. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale hiyo. Taa za LED za kawaida karibu hazitoi kabisa, kwa hiyo ndizo zinazofaa kabatini.

Kinga iliyo bora hufanyika dukani, kwa kuchagua rangi ya akriliki. Utomvu wake hauna mafuta yanayoendelea kula oksijeni. Ni muhimu kusoma chupa kwa makini: Tamiya, kwa mfano, huuza nyeupe za X-2 na XF-2 katika akriliki na pia katika rangi ya mafuta, kwa namba zilezile. Vanishi ya juu nayo iwe ya akriliki. Rangi nzuri imeharibiwa mara nyingi mno na vanishi ya samani iliyopakwa juu yake. Pakiwa na shaka, nyeupe ya kung'aa ni afadhali iachwe bila vanishi.

Chini kunahitaji praima nyeupe au ya kijivu hafifu, kisha rangi ipulizwe tabaka nyembamba tatu au nne. Modeli za mbao, kama jahazi zinazochongwa Lamu, zina tatizo lao: tanini ya mti hupenya rangi ya maji na kuacha madoa ya kahawia, hivyo mbao huzibwa kwanza kwa sheliki. Mafundi wengine huchanganya chembe ya buluu katika nyeupe, kama inavyofanywa kwenye maji ya kusuuzia kanzu. Huficha manjano kidogo, ila haiyazuii.

Moshi wa sigara na wa jikoni huacha utando wa manjano unaoweza kufutwa kwa maji ya sabuni. Manjano ya ndani ya alkidi hayafutiki. Dawa ni msasa laini sana na kupaka upya kwa akriliki. Stika za maji zilizogeuka rangi kabla ya kubandikwa hutiwa katika mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukabandikwa kwenye dirisha lenye jua hadi utando wa stika uwe angavu tena.